Kabla ya antivairasi, tengeneza nakala

Desemba 1989 maelfu ya watu katika nchi nyingi walipokea disketi kwa njia ya posta. Zilikuwa kama 20,000, na miongoni mwa waliotumiwa walikuwa wasomaji wa jarida moja la kompyuta la Uingereza na washiriki wa mkutano wa kimataifa kuhusu UKIMWI. Disketi ilijitambulisha kuwa ina taarifa za ugonjwa huo, na kweli ilikuwa nazo: ilimuuliza mtu maswali kuhusu maisha yake, kisha ikamwambia yuko kwenye hatari kiasi gani. Kumbe huku nyuma ilikuwa inahesabu. Kompyuta ilipofikisha kuwashwa mara 90 hivi, majina ya faili yalivurugwa, folda zikafichwa, na kwenye skrini likatokea dai: tuma dola 189 kwenye sanduku la posta la Panama.

Aliyeshtakiwa kwa kuisambaza alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyewahi kufanya utafiti wa nyani nchini Kenya. Alipelekwa Uingereza, na hakuhukumiwa kwa sababu ilionekana afya yake ya akili haimwezeshi kusimama mahakamani. Faili za watu nazo ziliokolewa. Ufunguo wa kufungulia ulikuwa umefichwa ndani ya programu yenyewe, wataalamu wakauchomoa humo na kutoa tiba bure.

Bahati hiyo haipo tena. Mwaka 1996 watafiti wawili, Adam Young na Moti Yung, walionyesha kwamba mhalifu anaweza kutumia funguo mbili tofauti, mmoja wa kufungia na mwingine wa kufungulia. Ni kama kufuli: yeyote anaweza kulibana likafunga, lakini kulifungua ni mpaka upate ufunguo, na ufunguo hauko hapo mlangoni. Virusi vya kikombozi (ransomware), yaani vinavyofunga faili zako na kudai fedha, siku hizi vinakuja nyumbani kwako na kufuli tu. Ufunguo unabaki kwa aliyevituma. Ndiyo maana fundi akikwambia "niachie hadi kesho, nitazifungua", mara nyingi anakupa tumaini ambalo hana uwezo nalo. Hesabu zinazotumika ni zilezile zinazolinda benki, na kompyuta zote za mtaa wako zikiunganishwa haziwezi kuzivunja kwa kubahatisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue antivairasi gani, namuuliza kwanza kama ana nakala ya faili zake mahali pengine. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu wengi wamelibeba kinyume. Laptopu unaweza kuipata Kariakoo kesho asubuhi, mpya au iliyotumika. Picha za marehemu baba, tasnifu ya miaka miwili, hesabu za kikoba na mitihani aliyoiandaa mwalimu kwa mihula sita havipatikani duka lolote. Na vitu hivyo havipotei kwa wahalifu peke yao. Vinaondoka na mwizi aliyevunja dirisha, na umeme uliokatika ukarudi kwa nguvu, na radi ya masika, na kikombe cha chai, na diski iliyochoka tu kwa umri wake. Antivairasi haizuii hata kimoja katika hivyo. Nakala inakuokoa katika vyote, na katika virusi vya kikombozi pia.

Nakala ni nini, na si nini

Kuna dhana moja iliyoenea sana kwetu: kwamba ukihifadhi kitu kwenye D badala ya C, umekihifadhi salama. Mafundi wengi wakipiga Windows huigawa diski vipande viwili, kisha wanamwambia mteja aweke vyake kwenye D. Ushauri huo una faida, maana siku ya kupiga Windows upya C hufutwa na D hubaki. Ila C na D ni vyumba viwili vya diski moja. Diski ikifa vimekwenda vyote, laptopu ikiibwa vimekwenda vyote, na virusi vya kikombozi vinaingia chumba hadi chumba bila kubisha hodi.

Wataalamu wana kanuni waliyoizoea kuiita 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: faili liwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa nyumba ya kawaida maana yake ni faili lililo kwenye kompyuta, nakala kwenye diski ya nje, na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwenye diski iliyowekwa kwa ndugu. Usiogope hesabu hiyo. Ukianza na diski moja ya nje tayari umewaacha mbali walio wengi.

Hiyo diski ya nje ina sharti moja ambalo watu hulipuuza: ukimaliza kunakili, ichomoe. Diski inayokaa imechomekwa mwezi mzima si nakala, kwa sababu kinachoweza kufunga faili za kompyuta kitaifikia na yenyewe ndani ya dakika chache. Chomeka Jumapili, nakili, chomoa, weka kabatini, na ikiwezekana lisiwe kabati la chumba kilekile inamokaa laptopu, maana mwizi hachagui.

Flashi siitegemei kwa kazi hii. Ni nzuri kwa kusafirisha faili kutoka nyumbani hadi kazini, lakini hupotea na huharibika bila taarifa, na flashi nyingi za bei ya chini zinajitangaza kuwa na ukubwa ambao hazina. Unanakili gigabaiti 60, inakubali, halafu siku ya kufungua unakuta majina ya faili yapo na ndani hakuna kitu.

Hifadhi za mtandaoni zinasaidia hata kwa bure: akaunti ya Google inakupa gigabaiti 15 na OneDrive ya Microsoft gigabaiti 5. Kwa nyaraka za maandishi hizo ni nyingi mno, na bando linalotumika ni dogo. Video za harusi ndizo zitakazokushinda, hizo ziweke kwenye diski. Lakini elewa jinsi zinavyofanya kazi. Folda ya aina hiyo inalinganisha kilichopo kwako na kilichopo kule, hivyo ukifuta huku, kule nako kunafutika, na faili likifungwa na virusi, toleo lililofungwa linapanda juu kuchukua nafasi ya zima. Kinachokuokoa ni kwamba huduma hizi hutunza matoleo ya zamani na vilivyofutwa kwa muda fulani, mara nyingi siku 30. Ukiwahi ndani ya muda huo unarudisha.

Halafu jaribu kurudisha. Chukua faili moja kwenye nakala, lifungue kwenye kompyuta nyingine, lisome mpaka ukurasa wa mwisho. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa hujui kama ni nakala.

Mlango unaofunguliwa na mwenye nyumba

Watu wengi wanamfikiria mhalifu wa mtandao kama mtu aliyewalenga wao, anayehangaika usiku kuvunja kompyuta yao. Kwa kompyuta za nyumbani mara nyingi haiko hivyo. Tunawafungulia wenyewe, na mlango mkubwa kuliko yote katika mazingira yetu ni programu za kuiba, yaani zile za kulipia ambazo mtu anazitumia bila leseni.

Tazama jinsi inavyokwenda. Mtu anataka Office au programu ya kuhariri video bila kulipia. Anaitafuta kwenye intaneti, anapata ukurasa wenye vitufe vya kupakua vitano, vinne vikiwa matangazo. Anapata faili la zipu lenye neno la siri, na neno hilo limeandikwa kando, kwa kawaida 1234. Neno hilo lina kazi yake: antivairasi haiwezi kuchungulia ndani ya zipu iliyofungwa. Ndani kuna karatasi ya maelekezo, na agizo la kwanza ni "zima antivairasi kabla ya kuendelea". Anaizima. Kisha Windows inamuuliza kama anairuhusu programu hii kufanya mabadiliko kwenye kompyuta, anabonyeza ndiyo. Kufikia hapo hakuna kilichovunjwa. Mlinzi ameondolewa na mgeni amekabidhiwa mamlaka yote ya mwenye nyumba.

Familia ya virusi vya kikombozi inayoitwa STOP, au Djvu, imeishi kwa njia hiyo tangu mwaka 2018 hivi. Haikuhangaika na mabenki. Ilijificha ndani ya programu za kuiba na kuwapata wanafunzi, wapiga picha na wenye biashara ndogo duniani kote. Inapofanya kazi huweza kukuonyesha dirisha la uongo linalosema Windows inajisasisha, ili usizime kompyuta. Dakika chache baadaye kila faili lina jina refu lenye herufi nne za ajabu mwishoni, na kwenye kila folda kuna faili linaloitwa _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa 490.

Mara nyingi hiyo haiji peke yake. Pamoja nayo huingia mwizi mwingine wa kimyakimya, kazi yake ni kukusanya maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani alama zinazoifanya tovuti ikutambue bila kukuuliza neno la siri kila mara. Akiwa na vidakuzi anaweza kuingia kwenye akaunti yako kana kwamba ni wewe uliyekaa hapo mezani, hata kama umeweka uthibitisho wa hatua mbili. Ndiyo maana wapo wanaoona akaunti yao ya Instagram inauza sarafu za kidijitali ilhali hawakumpa mtu neno la siri.

Najua bei ya leseni na najua mishahara yetu. Kwa hiyo simwambii mtu anunue kisha nikanyamaza. LibreOffice ni bure na inafungua nyaraka za Word na Excel. Office yenyewe ina toleo la bure la kutumia ndani ya kivinjari. Kwa video kuna DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure linatosha watu wengi, na kwa picha kuna GIMP. Ukinunua laptopu iliyotumika, muulize muuzaji Windows hiyo imewashwa kwa njia gani, yaani leseni yake imethibitishwaje. Laptopu nyingi za ofisi za Ulaya zinazofika kwetu zilikuja na leseni halali iliyofungwa kwenye mashine yenyewe, ukipiga Windows safi ya toleo lilelile inajiwasha bila ujanja wowote.

Mlango wa pili ni flashi ya steshenari. Unapeleka barua ikachapwe, unarudi na folda ambazo zimegeuka njia za mkato zenye mshale mdogo pembeni. Zamani programu iliweza kujiendesha pale tu flashi inapochomekwa. Microsoft ilikizima kitu hicho, na ndiyo maana virusi hivi sasa vinahitaji ubonyeze: vinaficha folda zako halisi, vinaweka mkato wenye jina lilelile, na wewe ukiufungua unaviendesha huku folda ikifunguka kama kawaida usishuku kitu. Usifomati kwa hofu. Faili zako zimo, zimefichwa tu. Pima flashi kwa antivairasi kwanza, kisha fungua dirisha la amri la Windows na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Folda zitaonekana tena, mikato uifute. Na safari nyingine jitumie hati kwa barua pepe au peleka flashi isiyo na kitu kingine ndani.

Jambo moja dogo la kufanya leo: kwenye mipangilio ya folda za Windows, ruhusu ionyeshe viambishi vya majina ya faili. Bila hivyo, faili linaloitwa Ankara.pdf.exe linaonekana kama Ankara.pdf, na hiyo exe ya mwisho, inayosema kwamba hii ni programu na si hati, huioni.

Antivairasi, basi? Kwa Windows 10 na 11, Defender inayokuja nayo inatosha kwa nyumba nyingi, mradi usiizime. Kuweka antivairasi mbili kwa pamoja ni kuichosha kompyuta bure.

Masasisho na bando

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kushirikiana faili kwenye mtandao. Mwezi uliofuata kundi lililojiita Shadow Brokers lilimwaga hadharani zana ya kutumia tundu hilo, zana iliyotoka kwa shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Tarehe 12 Mei virusi vya WannaCry vilianza kusambaa, na kwa siku chache vikagusa kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Vilipungua nguvu baada ya kijana Mwingereza, Marcus Hutchins, kugundua kwamba vilikuwa vikiulizia anwani fulani ya mtandao isiyokuwapo, akaisajili, na virusi vikaacha kuenea.

Dawa ilikuwa imetoka karibu miezi miwili kabla. Wengi wa waliopigwa ni wale ambao hawakuiweka. Na kuna jambo watu hawalifikirii: sasisho lenyewe likitoka, wahalifu hulichambua ili kujua tundu lilikuwa wapi. Kuanzia siku hiyo asiyesasisha yuko kwenye hatari kubwa kuliko alivyokuwa wiki iliyopita.

Kwetu wengi wamezima masasisho kwa sababu moja, nayo ina haki yake: yanakula bando. Windows inaweza kuamka na kumaliza gigabaiti mbili ulizonunua kwa ajili ya kazi. Suluhisho si kuyazima moja kwa moja. Iambie Windows kwamba intaneti unayotumia inalipiwa kwa kipimo, sehemu hiyo ipo kwenye mipangilio ya Wi-Fi, nayo itapunguza sana inachopakua yenyewe. Kisha mara moja au mbili kwa mwezi, ukiwa kwenye mtandao wa ofisi au na bando la usiku, yaruhusu yote yashuke.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, na hapo ndipo hatari ilipo, maana kila kitu kinaonekana sawa huku matundu mapya yakibaki wazi. Microsoft iliweka mpango wa kuendelea kupokea masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Laptopu zenye kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane na kuendelea kwa kawaida zinaweza kupokea Windows 11. Zilizo chini ya hapo, na ndizo nyingi sokoni, zinafanya kazi vizuri sana na Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, ambao ni bure na haumsumbui mtu anayetumia kivinjari na kuandika barua.

Barua pepe ndiyo ufunguo wa nyumba nzima

Ukisahau neno la siri la akaunti yoyote, kiungo cha kuweka jipya kinatumwa wapi? Kwenye barua pepe. Aliye na barua pepe yako ana vingine vyote, kwa hiyo ukiwa na nguvu ya kulinda kitu kimoja tu, linda hicho. Neno lake la siri lisitumike kwingine popote. Maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na magumu kubahatisha, lakini usitumie methali, kila mtu anazijua. Kuyaandika kwenye daftari linalokaa nyumbani si kosa, mhalifu aliye nchi nyingine hawezi kufungua kabati lako. Unaweza pia kuangalia kama anwani yako imo kwenye taarifa zilizovuja kupitia tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia.

Weka uthibitisho wa hatua mbili, na ukiweza tumia programu ya simu inayotoa namba zinazobadilika badala ya ujumbe mfupi, kwa sababu laini inaweza kubadilishwa ikaingia kwenye mikono ya mwingine kwa utapeli. Kisha kagua namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti. Laini uliyoiacha bila kutumika, kampuni ya simu huweza kumpa mteja mwingine, na kama Gmail yako bado inaitambua namba hiyo, namba za uthibitisho za kuingilia zitamfikia yeye.

Ikishatokea

Ukiona faili zinabadilika majina, chomoa intaneti na uchomoe diski yoyote ya nje papo hapo. Usifomati. Usikimbilie kulipa pia: unamtumia fedha mtu ambaye huna namna ya kumdai, na wapo waliolipa wasipate kitu. Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, badilisha maneno ya siri ukianza na barua pepe, na uziondoe kwenye akaunti kompyuta zote zilizokuwa zimeingia, maana hivyo ndivyo vidakuzi vilivyoibwa vinavyokosa kazi.

Kisha piga picha ujumbe wa wahalifu na uingie kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi ya Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Unapakia faili moja lililofungwa, inakuambia ni familia gani na kama tiba ipo, bila malipo. Kwa STOP tazama kitambulisho kilichomo kwenye _readme.txt. Kikiishia na t1, faili zako zilifungwa kwa ufunguo wa akiba ambao virusi hutumia vinaposhindwa kuwasiliana na mabosi wao, na ufunguo huo ni mmoja kwa waathirika wengi, hivyo unaweza kupatikana siku yoyote. Tena virusi hivyo hufunga kilobaiti 150 hivi tu za mwanzo wa kila faili ili viende haraka, kwa hiyo video ndefu na rekodi za sauti wakati mwingine hukarabatika.

Ikiwa leo tiba haipo, nakili faili zilizofungwa pamoja na lile la maelekezo kwenye diski, andika juu yake tarehe na zile herufi za mwisho, ndipo upige Windows upya. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure zana iliyoweza kufungua faili za matoleo 148 ya STOP, baadhi yakiwa yamefungwa kwa zaidi ya mwaka. Rudi kwenye tovuti ile kila baada ya miezi michache uangalie kama herufi zako zimo.